Kwa nini wakazi wa Wrocław hujinasibisha na Lwów ilhali wengi wao hawakutoka huko?

#1 Mkazi_wa_Nadodrze

Salaam wanajukwaa.

Naishi Wrocław, jiji la kusini-magharibi mwa Poland lililo kando ya mto Oder, na kuna jambo ambalo ningependa wajuzi wa historia walijadili. Ukimwuliza mwenyeji yeyote kuhusu asili ya watu wa hapa, jibu la haraka ni kwamba walitoka Lwów, jiji ambalo leo linaitwa Lviv na liko Ukraine. Waongoza watalii husema hivyo, na hata wanafunzi wenzangu waliozaliwa miaka ya 2000 husema hivyo. Lakini kumbukumbu za wahamiaji wa kwanza zinaonyesha kwamba walio wengi walitoka Poland ya kati na upande wa Poznań, magharibi mwa nchi, na waliotoka maeneo ya mashariki yaliyotwaliwa na Umoja wa Kisovyeti hawakufika hata theluthi.

Kwa wasioifahamu habari hii, hadi 1945 jiji hili lilikuwa la Ujerumani na liliitwa Breslau. Sensa ya 1939 ilihesabu wakazi wapatao 629,000, karibu wote Wajerumani. Vita vilipokwisha mpaka ulisogezwa magharibi, Wajerumani wakaondolewa, na katika muda wa miaka michache tu nyumba zile zile zikawa na watu wengine kabisa. Mlango wa nyumba ninayopanga bado una tundu la barua lenye kifuniko cha chuma kilichoandikwa kwa Kijerumani, na kila aliyepaka rangi mlango ule amekizunguka kwa uangalifu bila kukifunika.

Swali langu ni hili: imekuwaje kumbukumbu ya wachache ikawa kumbukumbu ya wote?

#2 Mwalimu_Njombe

Kwa maoni yangu jibu ni taasisi. Watu wa Lwów walikuja na vichwa vya kuendesha jiji. Chuo kikuu na chuo cha ufundi vilipofunguliwa upya chini ya uongozi wa Stanisław Kulczyński, yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mkuu wa chuo kikuu cha Lwów, na mhadhara wa kwanza ulitolewa tarehe 15 Novemba 1945, wakati sehemu kubwa ya mji ilikuwa bado ni vifusi. Hugo Steinhaus, mwanahisabati mkubwa wa Lwów, alihamia hapo na kuanzisha daftari jipya la maswali ya hisabati kwa kufuata mfano wa lile ambalo yeye na wenzake walikuwa wakiliandika kwenye mkahawa wao kabla ya vita. Maktaba ya Ossolineum, iliyoanzishwa Lwów mwaka 1817, ililetewa sehemu ya hazina yake mwaka 1946 na 1947, ingawa sehemu kubwa ilibaki kule.

Ndipo ikaja sanamu ya mwandishi wa tamthilia Aleksander Fredro, iliyokuwa imesimama Lwów tangu 1897. Mwaka 1956 ilisimamishwa katika uwanja mkuu wa Wrocław, mahali ambapo zamani palikuwa na sanamu ya mfalme wa Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, akiwa juu ya farasi. Mwenye kufundisha, kuandika na kusimamisha sanamu ndiye anayeacha kumbukumbu. Fundi seremala kutoka kijiji cha Poland ya kati hakuacha maandishi.

#3 Bint_Mzizima

Ahsante Mwalimu, lakini nina sahihisho moja muhimu. Si maprofesa wote waliotoka Lwów. Ludwik Hirszfeld, mmoja wa wanasayansi walioweka misingi ya elimu ya makundi ya damu, alikuwa mtu wa Warsaw, na alipitia geto la Warsaw, mtaa ambamo Wajerumani waliwafungia Wayahudi, kabla ya kujificha hadi mwisho wa vita. Alihamia Wrocław baada ya vita, akaanzisha taasisi ya kinga ya mwili mwaka 1952, akafia hapo mwaka 1954. Ukisema chuo kizima ni cha Lwów unamwondolea haki yake.

Aidha, hoja ya taasisi inaeleza kwa nini wasomi wanaikumbuka Lwów. Haielezi kwa nini mjukuu wa dereva aliyetoka Kielce, Poland ya kati, naye anaikumbuka.

#4 Jirani_wa_Makaburi

Mimi ni mtu wa Tengeru, mkoani Arusha, na mada hii inanigusa. Hapa kwetu kuna makaburi ya Wapolandi, yenye misalaba na tarehe za miaka ya 1940, ambayo tangu utotoni tuliyapita tukielekea mtoni bila kuelewa kwa nini Wazungu wale hawakuwa wakoloni. Baadaye nilisoma kwamba walikuwa watu wa maeneo hayo hayo ya mashariki mnayoyazungumza. Mwaka 1940 na 1941 Wasovyeti waliwasafirisha kwa nguvu hadi Siberia na Asia ya Kati, na baada ya Wajerumani kuishambulia Urusi waliruhusiwa kuondoka pamoja na jeshi la Wapolandi la Jenerali Anders, wakapitia Iran mwaka 1942, kisha wanawake na watoto wakaletwa Afrika Mashariki. Tengeru peke yake ilipokea takriban 5,000. Wengine walipelekwa Masindi na Koja kule Uganda, na Ifunda na Kidugala kwetu.

Naomba kuuliza: je, hawa nao waliishia Wrocław? Kama waliishia huko, basi huenda kumbukumbu ya mashariki ililetwa na watu wengi kuliko wale waliohesabiwa kutoka Lwów mjini.

#5 Mzee_wa_Kumbukumbu

Ndugu Jirani, wengi hawakuishia huko. Vita vilipomalizika kwao palikuwa tayari ni Umoja wa Kisovyeti, na waliokwisha kuionja Siberia hawakutaka kurudi chini ya utawala ule, kwa hiyo wengi walichagua Uingereza, Kanada na Australia. Baadhi ya waliokubali kurejea Poland walipangiwa makazi katika maeneo ya magharibi, kwa kuwa nyumba zao hazikuwa tena ndani ya nchi. Idadi yao haitoshi kueleza tunachokijadili.

Mimi naona sababu ni mlango uliofungwa. Mtu wa Poznań aliyepata kazi Wrocław aliweza kupanda treni akamsalimie mama yake na kurudi. Hakuhitaji kuzungumzia kwao usiku kucha, kwa sababu kwao kulikuwapo. Mtu wa Lwów aliyepakiwa kwenye behewa la mizigo pamoja na ng'ombe wake na cherehani yake hakuwa na pa kurudi, na alichobakiwa nacho ni simulizi. Watoto wa ujia mmoja walikua wakisikiliza simulizi zile, wawe wa Poznań au wa wapi, na simulizi yenye msiba husikilizwa kuliko isiyo na msiba.

#6 Mkazi_wa_Nadodrze

Mzee, hilo la mlango uliofungwa linaafikiana na jambo nililosimuliwa na mama mwenye nyumba wangu, ambaye wazazi wake walitoka kijiji cha karibu na Lwów. Anasema baba yake hakukubali kununua kabati jipya wala kupaka chokaa ukutani kwa miaka mingi, kwa sababu aliamini kwamba Wajerumani watarudi kudai nyumba au yeye atarudi kwake. Sanduku la safari lilikaa limefungashwa chini ya kitanda. Baba huyo alianza kulegea baada ya mkataba wa Desemba 1970, Ujerumani Magharibi ilipoukubali mpaka wa mto Oder na Neisse, na mwaka 1972 Papa Paulo VI alipopanga upya majimbo ya Kanisa katika maeneo hayo. Mkataba wa mpaka na Ujerumani iliyoungana ulitiwa saini Novemba 1990, naye hakuwahi kuuona.

Lakini, na hapa ndipo shaka yangu ilipo, hofu hiyo ya Wajerumani kurudi waliishi nayo watu wote, wa Poznań na wa Lwów pia.

#7 Nahodha_wa_Mtwapa

Wanajukwaa, mnazungumzia walioingia kana kwamba nyumba zilikuwa tupu. Naomba tuwataje waliotoka.

Januari 1945 Hitler alikuwa tayari ameshatangaza Breslau kuwa ngome, na mtawala wa chama cha Nazi wa eneo hilo, Karl Hanke, aliwaamuru wanawake na watoto waondoke. Treni hazikutosha, wakaambiwa watembee kwa miguu kuelekea mji mdogo wa Kanth katika baridi kali na theluji, na watoto wachanga wengi waligandia njiani. Mji ulizingirwa katikati ya Februari na haukusalimu amri hadi tarehe 6 Mei, wakati Berlin yenyewe ilikuwa imeshaanguka tarehe 2. Ili kupata uwanja wa ndege ndani ya mji uliozingirwa, Hanke alibomoa mtaa mzima wa nyumba nzuri na kuwafanyisha kazi wakazi chini ya mizinga. Kisha yeye mwenyewe akatoroka kwa ndege na kuwaacha.

Eneo hilo lililobomolewa leo ni sehemu ya uwanja wa Grunwaldzki, na mara baada ya vita ndilo lililogeuka soko kubwa la vitu vilivyochukuliwa katika nyumba za Wajerumani. Hapo palipatikana vitanda, saa za ukutani, piano na vyombo vya kaure, vikiuzwa na watu waliofika juzi kwa watu waliofika jana. Wajerumani waliosalia nao walisimama hapo wakiuza shuka zao ili wapate mkate, kisha wakaondolewa, wengi wao kabla ya mwisho wa 1947.

Nionavyo mimi, jiji lenye historia hiyo lilihitaji babu wa kumtaja, na babu aliyejenga mawe yale hakutajika. Lwów ilijaza nafasi hiyo.

#8 Bint_Mzizima

Nahodha, hoja yako ndiyo yenye uzito kuliko zote hadi sasa, ila usiseme kwamba hakutajika kabisa. Mwaka 1965 maaskofu wa Poland waliwaandikia maaskofu wa Ujerumani barua maarufu ya kusamehe na kuomba msamaha, na aliyeisukuma barua ile ni Bolesław Kominek, askofu wa Wrocław yenyewe. Serikali ilikasirika mno. Naye hakuwa mtu wa Lwów, alizaliwa Silesia, na kabla ya 1918 alikuwa mtoto wa mpakani aliyekua kati ya lugha mbili.

#9 Salha_Kondoa

Nimesoma uzi wote na bado sijaona mtu akiwataja Wayahudi, ilhali kisa chao ndicho kinachovuruga hesabu zote hizi.

Breslau ilikuwa na mojawapo ya jamii kubwa kabisa za Kiyahudi nchini Ujerumani. Edith Stein, mwanafalsafa aliyekuja kuwa mtawa, alizaliwa hapo mwaka 1891 na kuuawa Auschwitz mwaka 1942, na kwenye makaburi ya mtaa wa Ślężna amezikwa Ferdinand Lassalle, mmoja wa waasisi wa harakati za wafanyakazi wa Ujerumani. Sinagogi Jipya lilichomwa moto usiku wa Novemba 1938. Sinagogi la Korongo Mweupe, la 1829, halikuchomwa kwa sababu lilikuwa limebanana na nyumba nyingine, na ua wake ukatumiwa kuwakusanyia Wayahudi kabla ya kupelekwa kwenye maangamizi.

Baada ya vita Silesia ya Chini, eneo linalozunguka Wrocław, ilipokea makumi ya maelfu ya Wayahudi wa Poland walionusurika, wengi wao wakirejea kutoka ndani ya Umoja wa Kisovyeti, na baadhi yao walikuwa watu wa Lwów na miji ya jirani. Walifungua shule, vyama vya ushirika na hata jukwaa la maigizo. Wengi waliondoka tena kwa mawimbi: mwaka 1946, kisha 1956 na 1957, na waliobaki wakasukumwa nje na kampeni ya chuki ya 1968. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba Wrocław imeihifadhi Lwów, nauliza ni Lwów ipi, maana ile ya kabla ya vita takriban theluthi ya watu wake walikuwa Wayahudi, na Waukraine nao walikuwa wengi.

#10 Mwalimu_Njombe

Nashukuru kwa mchango wa Bi Salha, ambao umeupanua mjadala kuliko nilivyotarajia.

Niongeze sababu nyingine, nayo ni ukimya wa serikali. Simulizi rasmi ilikuwa kwamba haya ni maeneo yaliyorejeshwa, yaani ardhi ya wafalme wa kale wa Poland wa ukoo wa Piast. Mwaka 1948 yalifanywa maonyesho makubwa ya kutangaza hilo, na mnara mrefu wa chuma uliosimamishwa kwa ajili yake bado uko mbele ya Ukumbi wa Karne, jengo la zege ambalo Mjerumani Max Berg alilikamilisha mwaka 1913. Kuizungumzia Lwów hadharani kulimaanisha kuishtaki Moscow. Mfano mzuri ni picha kubwa ya mviringo ya vita vya Racławice, yenye urefu wa mita 114 na kimo cha mita 15, iliyochorwa Lwów mwaka 1893 na 1894. Ililetwa Wrocław mwaka 1946, lakini kwa kuwa inaonyesha jeshi la Kościuszko, kiongozi wa uasi wa Wapolandi wa 1794, likiwashinda Warusi, ilikaa imekunjwa hadi Juni 1985. Wakazi walijua kwamba imo mjini na hawaruhusiwi kuiona. Kinachokatazwa sebuleni huzungumzwa jikoni, na huko jikoni ndiko watoto walikolelewa.

#11 Mzee_wa_Kumbukumbu

Mwalimu, jiulize mwenyewe. Katika namba 2 ulisema Fredro alisimamishwa uwanja mkuu mwaka 1956 mbele ya watu wote. Serikali iliyoikataza Lwów iliiachiaje sanamu ya Lwów mahali pa mfalme? Chagua moja, taasisi au ukimya.

#12 Mwalimu_Njombe

Mzee wangu, sioni haja ya kuchagua. Fredro alikuwa mwandishi wa vichekesho asiyemtisha mtu, na mwaka ule wa 1956 nchi ilikuwa ikilegezwa kamba. Mkulima mwenye mundu anayeteka mzinga wa Mrusi, kama ilivyo kwenye picha ya Racławice, ni jambo jingine.

#13 Kapu_la_Pwani

Nimekuwa msomaji tu hadi nilipoona mnamtaja mtu wa Poznań kama anayefaa kusahaulika. Nimefanya kazi na Wapolandi kwa miaka mingi, na mmoja wao, mtu wa ukoo wa Poznań aliyezaliwa Wrocław, huumia sana anapoulizwa kama bibi yake ni wa Lwów. Anasema waliowasha mitambo, waliounga mabomba ya maji na waliofungua maduka ya mikate asubuhi walikuwa watu wa kwao, ambao kwa kuwa walikulia chini ya Prussia walielewa mashine za Kijerumani na maandishi yaliyokuwa juu yake. Siwezi kuthibitisha kila neno lake, ila hoja yake ya mwisho naiona ya kweli: kujinasibisha na Lwów kulimpa hadhi mtu aliyetoka kijijini. Wengi waliofika walikuwa wanakijiji walioona ghorofa na tramu kwa mara ya kwanza, na ni rahisi zaidi kumwambia mwanao kwamba sisi ni watu wa jiji la vyuo vikuu na opera kuliko kumwambia kwamba tuliwafuga kuku bafuni.

Tena msisahau kwamba wakati huo huo matofali ya Wrocław yalibomolewa na kupakiwa kwenye treni kwenda kuijenga Warsaw. Hata nyumba zilizoweza kutengenezwa zilivunjwa. Huyo rafiki yangu hadi leo akifika Warsaw hugonga ukuta na kusema kwamba anaangalia mali yake.

#14 Nahodha_wa_Mtwapa

Ndugu Kapu, hilo la matofali ni kweli tupu, na ninamwelewa rafiki yako.

#15 Dada_wa_Kozanów

Habari zenu. Ninaishi mtaa wa Kozanów hapa Wrocław, na naona mjadala wote umesimama mwaka 1990. Waulizeni watu wa rika la mume wangu ni lini walianza kujiona kuwa wenyeji, wengi watawajibu kwamba ni Julai 1997.

Mwezi huo Oder ilifurika na kuzamisha karibu theluthi ya jiji. Huku Kozanów maji yalifika ghorofa za chini za majengo marefu na watu wakaokolewa kwa mashua. Kwingineko wakazi, bila kungoja amri, walipanga foleni usiku wakipokezana mifuko ya mchanga kuzunguka kisiwa cha kanisa kuu, wakapandisha vitabu vya Ossolineum na vya chuo kikuu ghorofa za juu kwa mikono. Wakwe zangu, mmoja wa ukoo wa Vilnius na mwingine wa karibu na Łódź, husema kwamba usiku ule hakuna aliyeuliza asili ya mtu. Walikuwa wakiokoa makanisa yaliyojengwa na wengine, na walipomaliza yalikuwa ya kwao.

Kwa hiyo Lwów mnayoisikia mikahawani leo mimi naiona ni pambo lililokuja baadaye, baada ya watu kujiamini. Ni baada ya hapo pia ndipo ilipowezekana, mwaka 2008, kusimamisha katika bustani ya Grabiszyński ukuta wa kumbukumbu uliojengwa kwa mawe ya makaburi ya Wajerumani, ambayo kwa miongo kadhaa yalikuwa yamesawazishwa.

#16 Bint_Mzizima

Dada, ushuhuda wako ni mzito, ila mpangilio wa miaka unakataa. Picha ya Racławice ilifunguliwa 1985 na watu wakamiminika kuitazama. Lwów haikuwa pambo wakati huo, ilikuwa kiu.

#17 Salha_Kondoa

Nami naomba tuitazame hali ya sasa, kwa sababu jambo hili limepata sura nyingine. Tangu 2014, na hasa tangu Februari 2022, Wrocław imepokea Waukraine wengi mno, na miongoni mwao wamo waliozaliwa Lviv. Yaani watu wa Lwów halisi ya leo wanapanga vyumba katika jiji linalojiita mrithi wa Lwów. Isitoshe, mwaka 1947 serikali ya Poland iliwahamisha kwa nguvu takriban Waukraine na Walemko (watu wa milima ya Karpati) 140,000 kutoka kusini-mashariki na kuwatawanya magharibi na kaskazini, na wajukuu wao wako huko hadi leo. Kwa hiyo simulizi ya kuipoteza Lwów na simulizi ya kutoka Lviv zinakutana kwenye foleni moja ya duka.

Mkazi wa Nadodrze, wewe uko hapo. Wanaelewana vipi?

#18 Mkazi_wa_Nadodrze

Bi Salha, naweza kusema niliyoyaona tu. Chini ya chumba changu sasa anaishi mama wa Kiukraine na mwanawe, na mwenye nyumba wangu hakumtoza kodi kipindi cha mwanzo. Mama yule alipomwonyesha kwenye simu mtaa anaotoka, mwenye nyumba aliomba asogezewe picha zaidi, akitafuta kanisa ambalo wazazi wake walifunga ndoa. Walilipata. Lakini walipofika kwenye historia ya nani, kati ya Wapolandi na Waukraine, aliwatendea nini wenzake mwaka 1943 na 1944, wote wawili walinyamaza na chai ikaendelea kunywewa.

Kuhusu swali langu la awali, hadi sasa ninahesabu taasisi, mlango uliofungwa, kukosekana kwa babu, ukimya wa serikali, hadhi ya mjini na mafuriko. Nimeegemea kwa Nahodha, ila hoja ya rafiki wa Kapu inanizuia kutulia.

#19 Jirani_wa_Makaburi

Kabla uzi haujashuka, je, kuna mahali ambapo mtu anaweza kuyaona mambo ya wahamiaji hawa wa kwanza, wa Poznań kwa wa Lwów? Nina ndugu atakayepita huko.

#20 Dada_wa_Kozanów

Mwelekeze Kituo cha Historia cha Zajezdnia, mtaa wa Grabiszyńska, kilichofunguliwa 2016 ndani ya karakana ya zamani ya mabasi, ambamo ndimo mgomo wa kuunga mkono wafanyakazi wa Gdańsk ulipoanzia mjini Wrocław Agosti 1980. Maonyesho yake yanaanzia 1945, na simulizi za wahamiaji wa pande zote zinahifadhiwa hapo. Asipite haraka sehemu ya miaka ya mwanzo, na akipata mtu mzima wa hapa wa kuongozana naye, amwulize wazazi wake walishuka kituo gani cha treni na kutoka wapi.

#21 Mzee_wa_Kumbukumbu

Na akijibiwa Lwów, aulize tena mara ya pili, maana upande wa mama mara nyingi ni Kielce.